Ua la buluu la prairi: mnili, lupini au salvia?

Ukitafuta ua la buluu la asili kwa bustani iliyoko Kansas, Missouri, Iowa, Illinois au Ohio, utakutana na majina matatu kabla ya mengine yote: Baptisia australis, Lupinus perennis na Salvia azurea. Yote yana picha nzuri, na picha ndizo zinazowaponza wengi. La kwanza huishi miongo mahali ulipolipanda, lakini linakudai miaka mitatu kabla ya kukupa ua. La pili hufa kwenye udongo wa mfinyanzi hata ulibembeleze vipi. La tatu linavumilia karibu kila kitu isipokuwa kusimama wima. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza lipi linapendeza. Anza na udongo wako, na miaka utakayokaa kwenye nyumba hiyo.

Prairi ni ile mbuga ya nyasi iliyotanda katikati ya Marekani kabla ya jembe kufika. Ile ya nyasi ndefu imebaki chini ya asilimia 4, na kipande kikubwa kuliko vyote kiko kwenye vilima vya Flint Hills huko Kansas, ambako mawe ya chokaa yaliyo karibu na uso wa ardhi yaliishinda plau. Mimea tunayoilinganisha imetoka humo na pembezoni mwake. Imezoea baridi ya kuua, kiangazi cha kukausha, moto, na kubanwa na mizizi ya nyasi pande zote. Haikuzoea mbolea. Nusu ya matatizo ambayo watu huyaleta kwa wauza miche huanzia kwenye mfuko wa samadi uliomwagwa kwa nia njema.

Tukubaliane majina. Baptisia tutaiita mnili wa prairi. Si mnili wa kweli, maana nili halisi hutoka kwenye Indigofera, ambayo ina aina zake zinazoota hata Afrika Mashariki. Lakini Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, na baadaye walowezi waliutumia kupata rangi ya buluu, hafifu kuliko ile halisi, na jina likabaki. Aliyewahi kupanda marejea ataufahamu mara moja: maua yenye umbo la ua la kunde yamepangana juu ya shina refu, halafu maganda yaliyotuna ambayo yakikauka hulialia ukiyatikisa. Lupini ni jamii hiyohiyo ya kunde, ila majani yake yametandazwa kama vidole vya kiganja. Salvia ni ndugu wa mrehani na mnanaa: shina la pembe nne, ua lenye midomo miwili, rangi ya samawati kabisa.

Pima udongo kabla ya kufungua pochi

Chukua chupa pana ya kioo. Chimba udongo wa kina cha sentimita 15, toa mizizi na mawe, jaza theluthi ya chupa. Ongeza maji hadi karibu na mdomo na tone moja la sabuni ya vyombo, funga, tikisa kwa nguvu dakika tatu, kisha weka mezani na usiiguse. Mchanga hutua ndani ya dakika moja au mbili. Tope laini hutua ndani ya saa chache. Mfinyanzi huchukua siku moja hadi mbili, na maji hubaki na ukungu mpaka umalizike. Kila tabaka likitua, weka alama kwa kalamu. Mchanga ukifika robo tatu ya tabaka zote, una udongo wa lupini. Mfinyanzi ukifika theluthi, ifute lupini kwenye orodha yako leo, utaokoa fedha.

Kisha chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 kwa upana. Lijaze maji, acha yaishe, lijaze tena na upime. Maji yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, mahali hapo panatuama. Mnili unaweza kustahimili kwa shida, lupini haiwezi, na salvia itaoza shingo wakati wa baridi. Yakishuka kati ya sentimita 2.5 na 10, mnili na salvia watafurahi. Yakizidi 10, hapo ndipo lupini inapotamba.

Kuna wanaojaribu kuugeuza mfinyanzi kwa magunia mawili ya mchanga. Hawapati udongo wa kichanga, wanapata kitu kinachokaribiana na tofali. Chembe za mfinyanzi huingia katikati ya punje za mchanga na kushikana. Ama upande mmea unaopenda ulichonacho, ama ujenge tuta lililoinuliwa sentimita 30 kwa mchanga mtupu na ukubali kwamba hiyo ni bustani ndogo ya pembeni.

Tindikali nayo ina neno. Lupini hutaka pH, yaani kipimo cha tindikali, iwe chini ya 7. Juu ya hapo majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma. Ndiyo maana udongo wa chokaa, hata ukiwa unapitisha maji vizuri, huiangusha. Mnili hauna makuu, na salvia hukua hata juu ya chokaa. Vipimo vya pH hufanywa kwa bei nafuu na huduma za ugani za vyuo vikuu vya majimbo. Peleka udongo mkavu, uliochanganywa kutoka sehemu kadhaa za kitalu.

Mnili: wa kukaa

Kama udongo wako ni wa kawaida na nyumba ni yako, tunapendekeza mnili bila kusitasita. Unahimili baridi ya kanda ya 3 ya USDA, wizara ya kilimo ya Marekani iliyogawa nchi kwa ukali wa baridi (namba ndogo ni baridi kali zaidi), ambako kipimajoto hufika nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, hadi joto la kanda ya 9. Mwaka 2010 chama cha wakuzaji wa mimea ya kudumu huko Marekani kiliuteua kuwa mmea wa mwaka, na kwa mara moja sifa hiyo ilikwenda kwa anayestahili.

Mwishoni mwa Aprili machipukizi hutokeza ardhini kama asparaga, manene, ya kijivu yenye zambarau. Mwezi Mei hadi Juni mabua ya maua huinuka juu ya majani. Ua hufunguka kuanzia chini kwenda juu, na ukikaa karibu asubuhi utamwona nyuki bambi, yule mnene mwenye manyoya, akitua juu ya petali mbili za chini zilizoshikana. Uzito wake huzisukuma chini, chavua humgusa tumboni, anafyonza, anapanda ua la juu yake. Nyuki wadogo hawana uzito wa kutosha na wengi hupita.

Mmea wa kawaida hufika sentimita 90 hadi 120 kwa urefu, na upana karibu uleule, kwa hiyo acha nafasi ya sentimita 90 kati ya mche na mche. Mahali padogo, tafuta aina iitwayo minor, ya uwanda wa kati, ambayo huishia karibu sentimita 60. Jua liwe saa sita au zaidi kwa siku. Ukiupanda kivulini utarefuka, utalala, na utajikuta ukiufunga kamba kila Juni.

Subira ndiyo bei yake. Kutoka mbegu, mwaka wa kwanza utaona kijimmea cha kiganja kimoja na utadhani umeshindwa. Chini ya ardhi mzizi mkuu unakwenda kina. Ua la kwanza huja mwaka wa tatu, pengine wa nne. Na mzizi ukishashuka, usiuhamishe. Ukiukata unabaki na kisiki kinachodumaa miaka miwili au kufa kabisa. Kwa mpangaji asiyejua mkataba wake utaisha lini, huu ni mmea wa kumpandia mwenye nyumba.

Lupini: ya mchanga na ya kipepeo

Lupinus perennis ni ya misitu myepesi ya mialoni na misonobari yenye mchanga, kuanzia Minnesota na Wisconsin kuelekea mashariki. Urefu ni sentimita 30 hadi 60, maua Mei hadi Juni. Ikishakomaza mbegu hukauka majani katikati ya kiangazi na kuacha pengo kwenye kitalu. Wengi hudhani imekufa, wanamwagilia, na maji hayo ndiyo huozesha mzizi.

Kuna sababu moja ya kuipanda ambayo mnili hauwezi kuishindania. Viwavi wa kipepeo mdogo wa buluu aitwaye Karner, ambaye mwandishi Vladimir Nabokov alimwelezea kisayansi mwaka 1944 na ambaye serikali ya Marekani ilimweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 1992, hawali kitu kingine isipokuwa majani ya lupini hii. Alama yao ni rahisi kuitambua: kiwavi hukwangua nyama ya jani na kuacha ngozi moja nyembamba inayopitisha mwanga, kama dirisha dogo. Ukiona vidirisha hivyo katika eneo ambalo kipepeo huyo bado yupo, usipulize dawa yoyote. Hata hivyo, kupanda lupini mjini mbali na makazi yake hakutamleta. Ni kipepeo asiyesafiri mbali.

Mtego mkubwa uko dukani. Lupini nyingi zinazouzwa kwenye vyungu, zenye rangi mbilimbili na maua marefu kama mkono, ni machotara wa Lupinus polyphyllus wa magharibi mwa Amerika ya Kaskazini. Viwavi wa Karner hawahitaji hao, na chavua yao inaweza kuchanganyika na lupini ya asili. Hesabu vidole vya jani: perennis huwa na 7 hadi 11, polyphyllus mara nyingi hupita hapo. Ukihesabu 14, rudisha chungu rafuni.

Maisha ya mche mmoja wa lupini ni mafupi ukilinganisha na mnili. Kinachodumu ni kundi, kwa kujipanda lenyewe. Maganda yakikauka hujikunja kwa ghafla na kurusha mbegu mita kadhaa, na mbegu hizo zinahitaji mchanga ulio wazi. Ukitandaza matandazo ya magome kote, unazifungia mlango.

Salvia samawati: ya wasio na subira

Wakati mnili na lupini vimekwisha habari, Salvia azurea ndiyo kwanza inaanza, Julai au Agosti hadi Oktoba. Hii peke yake ni hoja nzito, kwa sababu buluu ya mwisho wa kiangazi ni adimu. Huchanua mwaka wa pili kutoka mbegu. Inakubali mfinyanzi mkavu, chokaa, na ukame wa Oklahoma. Kwa baridi ni dhaifu kuliko wenzake, usiitegemee kaskazini ya kanda ya 5.

Kasoro yake ni kulala. Kwenye prairi nyasi huishikilia. Bustanini, yenye udongo mnono na nafasi tele, mashina ya mita moja na nusu huanguka pande zote mvua ya kwanza ikinyesha. Dawa ni mbili, zitumie pamoja: mwanzoni mwa Juni kata mmea wote hadi nusu ya urefu wake, na uuzungushie nyasi fupi za asili kama Schizachyrium scoparium kwa umbali wa sentimita 40 hivi. Kuukata kunachelewesha maua kidogo, lakini mashina huwa mengi na mafupi.

Kazi ya mbegu

Salvia haina mambo mengi: mbegu zikipata mwezi mmoja wa baridi na unyevu huota vizuri zaidi, na wengi huzitupa tu kitalu cha nje mwezi Novemba. Mnili na lupini zina ganda gumu la kunde mwitu, na hapo ndipo watu hupoteza pakiti nzima.

Sugua mbegu kati ya vipande viwili vya msasa mpaka ganda lipoteze mng'ao. Usifike kwenye kiini cheupe. Mimina juu yake maji ya moto yaliyoondolewa jikoni na kupoa kidogo, yasiyochemka, uache usiku kucha. Asubuhi zilizovimba zimekubali. Zilizobaki ndogo na ngumu, zirudishe kwenye msasa. Zilizovimba changanya na mchanga wenye unyevu wa kukamulika tone moja, weka kwenye mfuko ndani ya friji siku 10, kisha panda kina cha sentimita moja. Baada ya siku hizo usizisahau humo, maana huanza kuota gizani na mzizi huvunjika ukizitoa. Kama hutaki friji, panda nje Oktoba au Novemba na uiachie baridi ifanye kazi.

Kabla tu ya kupanda, zipake rizobia, bakteria wa vinundu vya mizizi wanaoupatia mmea naitrojeni. Kila kundi la mikunde lina wake: pakiti ya maharage haisaidii lupini. Wako hai, kwa hiyo jua na joto la gari huwaua. Katika udongo ambao haujawahi kuwa na lupini, kukosekana kwao huonekana kama mche wa manjano unaodumaa, na watu huongeza mbolea ya naitrojeni badala ya kurudi kwenye chanzo.

Ukikusanya mbegu za mnili mwenyewe, subiri maganda yawe meusi, Agosti au Septemba. Fungua matano kabla ya kubeba mfuko mzima. Fukusi wadogo hutaga humo, na ganda zuri nje linaweza kuwa vumbi na mbegu zilizotobolewa ndani. Zilizo nzima zigandishe siku mbili kuua waliobaki.

Tumia vyungu virefu, sentimita 15 au zaidi. Lupini ihamishwe ikiwa na majani mawili au matatu ya kweli, isizidi hapo. Mwaka wa kwanza mwagilia wote karibu sentimita 2.5 za maji kwa wiki mvua isiponyesha. Baadaye, acha.

Wanaokula, na wasiopaswa kula

Mnili una alkaloidi, kemikali chungu zenye sumu, kwa hiyo sungura na kulungu huupita. Lupini changa sungura huitafuna bila huruma, hivyo izungushie waya miaka miwili ya mwanzo. Viwavi wa manjano na meusi wanaweza kuupukutisha mnili majani mwishoni mwa kiangazi. Mmea mkubwa haufi, waokote kwa mkono. Vipo pia viwavi vya kipepeo mdogo wa kahawia, Erynnis baptisiae, vinavyojifungia ndani ya jani lililokunjwa. Hivyo viache. Kwenye lupini tarajia vidukari na, kukiwa na unyevu na msongamano, ubwiri unga, ukungu mweupe wa majani.

Maganda ya mnili mabichi yanafanana na njegere zilizonenepa, na mbegu za lupini zinafanana na kunde ndogo. Zote mbili zina sumu. Nyumba yenye watoto waliozoea kuchuma mboga shambani na bibi, waambiwe wazi, au kata mabua baada ya maua. Kukata hakuudhuru mnili.

Ukiwa huangukii hapo juu

Mahali panatuama maji? Achana na hao watatu. Lobelia siphilitica, sentimita 60 hadi 90, hupenda unyevu na huchanua Julai hadi Septemba. Gentiana andrewsii nayo hutoa maua yasiyofunguka, kama chupa, na nyuki bambi huyasukuma kwa kichwa hadi azame mzima ndani. Mbegu za zote mbili ni vumbi. Zitawanye juu ya udongo bila kuzifukia, zinahitaji mwanga.

Uko Dallas, Austin au San Antonio? Lupini yako ni Lupinus texensis, ya msimu mmoja. Panda Septemba hadi katikati ya Novemba, jua kamili, udongo wa chokaa unaopitisha maji. Hupitisha baridi kama duara la majani lililolala chini, huchanua Machi na Aprili. Doa jeupe la petali ya juu hugeuka jekundu ua likizeeka, na nyuki hujua kuliruka. Usifyeke mpaka maganda yawe ya kahawia, la sivyo mwakani huna kitu. Kwa mpangaji wa Texas hili ni chaguo bora kuliko mnili.

Na yale maua ya buluu unayoyaona kando ya barabara Ohio mwezi Julai, yenye shina lisilo na majani mengi, huenda ni chikori, mgeni kutoka Ulaya. Pakiti za "maua ya porini" hujazwa pia Centaurea cyanus, mgeni mwingine. Nunua kwa jina la kisayansi, aina moja moja.

Wapo wanaouliza kuhusu kupeleka mbegu Limuru au Njombe. Mnili na lupini perennis zimezoea majira ya baridi kali ambayo nyanda hizo hazina, na Lupinus polyphyllus imekwisha kuwa gugu sugu New Zealand na Skandinavia. Mbegu kwenye sanduku bila cheti cha afya ya mimea zitaishia mikononi mwa KEPHIS au TPHPA, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya na Tanzania, na ni haki yao.

Kwa aliyechagua mnili, jambo moja la Novemba. Jalidi ya kwanza hugeuza majani kuwa meusi kwa usiku mmoja, kisha mashina hukatika yenyewe usawa wa ardhi na kupeperushwa na upepo. Mahali hubaki patupu hadi Aprili, na kila mwaka kuna mtu anayechimba hapo kupanda kitunguu cha tulipu na kukata mzizi wa miaka mitano. Chomeka kijiti pembeni kabla theluji haijaanguka.